Kibonyezo Chekundu

Dada Felicitas, msimamizi wa kikundi chetu, alileta mashine mbili kutoka Mwanza, akaziweka kwenye mkeka wa mama yangu pale Bakoba, mtaa wetu mjini Bukoba, ili kaka yangu Burhani achague. Moja ilikuwa mikisa pana ya kuchanganyia sauti, imejaa vifundo vya kuzungusha na vijiti vya kupandisha na kushusha. Nyingine ilikuwa kiboksi cha bati kisichozidi tofali, chenye vibonyezo vinne tu: taa, kaseti, slaidi, na kimoja chekundu cha kuzima vyote.

"Chagua leo," alisema. "Moja nairudisha."

Burhani ndiye aliyekuwa mtu wa mitambo wa kikundi chetu cha maigizo. Tulizunguka vijiji vya Bukoba na Muleba na mchezo kuhusu Ukimwi, ule ugonjwa ambao wengine waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kutoka Uganda. Taa, muziki, picha za ukutani, maiki, vyote viliendeshwa naye, maana kazi hiyo alijifunza kwenye sinema ya mjini tangu kabla ya vita na Uganda. Mikisa ilikuwa ya mtu kama yeye. Kiboksi kilikuwa cha mtu asiyejua kitu, na kikundini mtu huyo nilikuwa mimi, mshona mavazi. Kuchagua kiboksi kulikuwa ni kusema kwamba Burhani hatapanda tena gari kwenda Muleba, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema hilo.

Mimi sikuhisi chochote. Ndivyo nilivyokuwa mwaka ule wa themanini na tisa. Tulipomzika wifi yangu Maulida, mke wa Burhani, nilirudi nyumbani, nikamenya ndizi, nikapika, nikala nikashiba. Watu wakasema Shamsia ana roho ngumu. Waache waseme. Roho yangu ilikuwa imekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na mguu wa namna hiyo huwezi kuulaumu.

Burhani aliitazama mikisa, akapitisha kidole juu ya vijiti vyake. "Huyu ni bibi harusi," alisema.

"Na bwana harusi yuko wapi?" akauliza Lukmani, fundi redio wa mtaani kwetu. "Wewe siku hizi shati ndilo linalokuvaa."

Burhani alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Mtu mwingine asingethubutu kusema vile, lakini hao wawili walitaniana tangu chuo cha Kurani, walipokuwa wakichapwa na mwalimu mmoja. Kikohozi kilipokwisha aliisukuma mikisa kwa mguu.

"Rudisha hii, dada Felicitas. Tunachukua kiboksi."

Mama aliinuka akasema anakwenda kuangalia chungu. Jikoni hapakuwa na chungu.

"Lakini chekundu kirekebishwe," Burhani akaendelea. "Kizime vyote, maiki ibaki hai."

"Kwa nini?" aliuliza Felicitas. "Si ndiyo maana nimekileta? Nilitaka kimya."

Wote tulijua kimya gani. Kwetu mtu akifa kijijini, jembe haligusi ardhi na muziki haulii mpaka azikwe. Enduru ikipigwa, ule ukelele wa msiba, unaacha ulichoshika. Na miaka ile enduru zilikuwa nyingi. Katika kijiji kimoja cha Muleba ilipigwa tukiwa katikati ya ngoma ya harusi ya mchezo wetu. Burhani, mikono imekwisha kuanza kutetemeka, alizungusha kifundo upande usio wake, na badala ya kuzima, muziki ukapanda. Mtoto wa watu amekata roho, na sisi spika zetu zinawaita watu wacheze. Wazee walitutoa kwa fimbo. Habari ikatutangulia kila tulikokwenda, milango ikafungwa. Ni watu wa kijiji cha Ngenge peke yao waliokubali kutupokea, kwa sharti la mwenyekiti wao, Mzee Mayenga: habari ya msiba ikifika, kimya papo hapo. Tukikosea tena, Muleba yote tuisahau.

"Kimya kitakuwepo," alisema Burhani. "Ila siku ile umesahau mlangoni? Watu walikanyagana. Kila mmoja ana mgonjwa nyumbani, kila mmoja anadhani ni wake. Ukizima na maiki, nani atawaambia ni kwa nani?"

Felicitas akasema, "Kweli kabisa." Lukmani akafungua kiboksi, akahamisha waya.

Tangu siku hiyo Burhani akawa mwalimu wangu, na mwalimu mbaya kweli. Alinifumbisha macho.

"Chekundu kiko wapi?"

Nikabonyeza.

"Halafu?"

"Namwuliza mjumbe, kwa nani."

"Halafu?"

"Nashika maiki, nataja mahali, nataja nyumba."

"Na usimung'unye maneno kama unatafuna kashata. Mtu anataka kusikia kama ni kwake au si kwake. Tena."

Tukarudia na kurudia, mpaka akasinzia ameegemea ukuta, mkono wake juu ya kiboksi.

Siku ya kwenda Ngenge ilipofika hakuweza tena hata kukaa kitako. Nikasema siendi.

"Nimechagua kiboksi ili ubaki hapa unanitazama?" aliuliza. "Nenda, Shamsia. Mama yupo."

Nilikasirika. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichohisi kwa miezi mingi, hasira, kwa sababu alinipa kazi yake bila kuniuliza kama naitaka. Niliondoka bila kumuaga vizuri. Nilisema "haya" tu, nikabeba kiboksi.

Karugendo, dereva wetu, alitushusha Ngenge, kisha akarudi mjini kumchukua Felicitas aje aone onyesho. Tulipewa ghala la ushirika. Mchana wa siku iliyofuata tukaziba madirisha kwa mablanketi, jenereta ikaunguruma nje, na watu wakajaa mpaka juu ya magunia. Mzee Mayenga alikaa mbele na fimbo yake. Wenzake walitazama mchezo, yeye alinitazama mimi.

Vibonyezo vilinitii. Taa ikawaka nilipotaka, picha zikabadilika ukutani, kaseti ikaimba. Paskazia, bibi harusi wetu, akaingia akicheza, na watoto wakaanza kupiga makofi.

Mlango ukafunguliwa, mwanga ukaingia. Alikuwa Karugendo, peke yake, bila Felicitas. Alikuwa amevua kofia. Hakuingia. Alisimama kizingitini, kama wanavyosimama wanaoleta msiba.

Sikungoja enduru. Nilibonyeza chekundu. Muziki ukakatika, picha ikatoweka, taa ikafa, Paskazia akabaki mkono mmoja hewani. Ikasikika jenereta tu, na mtoto mmoja aliyekuwa bado anapiga makofi. Mzee Mayenga akatikisa kichwa kukubali. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliwaza: nikirudi nitamwambia kaka, nimeweza.

Nikamgeukia Karugendo, kama nilivyofundishwa. "Kwa nani?"

Alinipungia mkono niende nje.

"Siwezi kutoka," nikamwambia. "Kwa nani?"

Watu walikuwa wameanza kusimama. Mwanamke mmoja karibu yangu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Waitu, jamani, semeni," alisema. "Nimemwacha mwanangu amelala. Ni kwangu?"

"Karugendo! Watu wanangoja."

"Bakoba," alisema.

Hakuna mtu wa Ngenge mwenye nyumba Bakoba. Nilimtazama Karugendo, akainamisha macho kwenye kofia yake. Nyuma yangu benchi lilianguka, watu wakaanza kusukumana kuelekea mlangoni, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye maiki. Ilikuwa hai.

"Ndugu zangu wa Ngenge, kaeni," nilisema. "Si kwenu. Mama, si kwako. Msiba ni Bakoba, kwa Burhani."

Sikumung'unya hata neno moja. Sauti ilitoka kwenye spika zote mbili, safi, ikagonga mabati, ikanirudia, na ilipofika masikioni mwangu ilikuwa kama mtu mwingine ndiye aliyekuja kunipa habari. Watu wakasimama pale walipokuwa. Yule mama aliyeuliza kama ni kwake akanishika mabega, akapiga enduru, kwa ajili ya mtu asiyewahi kumwona.

Maiki ilikuwa bado mkononi mwangu. Ikaichukua enduru yake, halafu ikachukua kilio changu, na ghala zima likakisikia.