Namba Ndogo za Baba Flavian

Silvana alizipenda namba ndogo. Tangu mumewe Beda, Baba Flavian, aanzishiwe vidonge vya ugonjwa wa sukari kule hospitali ya Matai, mashine ya kupimia sukari aliyoinunua binti yao Jovina ilikuwa imesoma kumi na nne, kumi na moja, kisha tisa, ikazidi kushuka. Kila iliposhuka, Silvana alishukuru Mungu. Kopo la sukari alimpa jirani yake, Cornelia, lisije likamtia mzee majaribuni.

Asubuhi moja ya Juni, upepo wa kijijini Msanzi ukikata masikio, mashine ilisoma nne nukta mbili.

"Umepona, Baba Flavian!"

Beda alicheka, akameza kidonge, akauacha uji mezani ili wawahi kuvuna ulezi.

Saa tano, shambani, alianza kukata masuke ovyo na kuyatupa chini. Silvana alipomsemesha, alifoka, maneno yakiburuzika kama ya mlevi. Shati lilikuwa limelowa jasho, na baridi yote ile! Alipomshika mkono, Beda alimsukuma, akamwangusha. Kwa miaka thelathini na moja ya ndoa hakuwahi kumgusa vibaya.

Mashine ilikuwa kwenye kikapu. Silvana alipofaulu kumketisha, alimpima: mbili nukta nne. Akampigia Asnath, nesi wa Matai.

"Nesi, sukari ni nzuri, mbili nukta nne, lakini mzee amekuwa kama karukwa na akili."

"Mama, hiyo si nzuri! Chini ya nne ni hatari. Anaweza kumeza?"

"Anaweza."

"Mpe maji yenye vijiko vinne vya sukari. Sasa hivi!"

"Sukari? Si ndiyo inayomuua?"

"Leo kinachomuua ni kuikosa. Dawa imeishusha mno, na tumboni hamna kitu. Kimbia!"

Silvana alikimbia kwa Cornelia bila kandambili, akarudi na kikombe cha maji ya sukari. Beda alikunywa, nusu ikimwagikia kifuani. Baada ya robo saa mashine ilisoma nne nukta tano. Akala viazi, akauliza kwa nini mkewe analia.

Asnath, alipopigiwa tena, hakuridhika. Alisema dawa ile hukaa mwilini muda mrefu, sukari ingeweza kuporomoka tena; wamlete. Kweli, alasiri sukari ilishuka tena akiwa wodini, wakamtundikia dripu. Kesho yake daktari alimbadilishia dawa, akamwonya asimeze kabla ya kula.

"Hakukuwa na dalili kabla?" aliuliza daktari.

Silvana aliinamisha kichwa. Juma lililopita Beda alitetemeka asubuhi mbili, na mojawapo mashine ikasoma tatu nukta sita. Yeye alidhani ni baridi. Alipiga hata vigelegele.

Alitoka barazani, akampigia Jovina, akamweleza yote bila kuficha.

Jovina akasema: "Mama, ulinisomea hiyo tatu nukta sita kwenye simu. Nami nilishangilia."

Walishikilia simu hivyo hivyo, wakisikilizana wakipumua, mpaka salio likaisha.