Mlima wa Njia ya Chundwa

Asubuhi aliyotoka eda ya mumewe, Bi Radhiya alioga, akavaa buibui jipya, akafunga majani ya rehani yanukiayo kwenye ncha ya leso na kwenda kumsalimia mamake. Mama huyo, marehemu Bi Alawiya, alizikwa ukishapita nyumba za mwisho za Faza, pale ambapo njia ya Chundwa ilikuwa ikipinda kuyakwepa makaburi ya ukoo wao.

Njia haikupinda. Ilikwenda moja kwa moja, pana, imeshindiliwa vizuri, na mawe ya makaburi yamepondwa pamoja na kifusi kingine. Radhiya alitembea mbele, akarudi nyuma, rehani mkononi, asijue aiweke wapi.

Msimamizi wa ujenzi, kijana wa bara aitwaye Fanuel, alikuwa amekaa kando ya mtaro akinywa chai. Radhiya akamwuliza mamake yuko wapi. Fanuel alisimama na kuvua kofia.

"Mama, sisi tuliambiwa hayo makaburi ni ya zamani, hayana mwenyewe. Bwana Jeilani ndiye alituonyesha. Alisema yeye ndiye mkubwa wa familia."

Jeilani ni mdogo wake Radhiya, tumbo moja. Miezi yote ya eda, dadake akiwa ndani hatoki, yeye ndiye aliyekuwa akimletea mahitaji. Alikuwa akikaa mkekani, akisema kule makaburini ni salama salimini, huku trekta zikinguruma hadi vikombe vinacheza. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Radhiya kilikuwa kikija na sukari kila Ijumaa. Jeilani alikuwa amejenga nyumba ya wageni Chundwa, na njia ikinyooshwa ingepita mlangoni pake.

Radhiya alimfuata hadi kwake.

"Mama hayuko pale, dada," Jeilani alimwambia. "Mama yuko peponi, inshallah."

"Na mifupa yake?"

"Ilopatikana ilizikwa."

"Wapi?"

"Siyui. Wayuao ni watu wa trekta, na watu wa trekta wamekwenda zao."

Radhiya akaenda kwa Mwalimu Gharib kusomesha halbadiri, dua ya kumnasa mdhalimu. Mwalimu alifanya kama inavyofanywa. Kwanza alitangaza msikitini kwamba aliyedhulumu mwili wa maiti ajitokeze aurudishe, akangoja, na Jeilani akaswali safu ya mbele kama kawaida. Kisha wasomaji wakaitwa, ubani ukawashwa, na Mwalimu akamtaka Radhiya aseme nia yake.

Radhiya alikuja na nia iliyoiva: afe, na nyumba yake iote majani. Lakini wasomaji walimjua Jeilani tangu anatambaa, na kumwapiza ndugu wa damu mbele ya watu ni kujivua nguo sokoni. Ulimi ukaingia haya.

"Alomfukua mamangu," akasema, "ndia ya Chundwa isimfikishe Chundwa."

"Hilo tu?" Mwalimu aliuliza.

"Hilo tu."

Wakasoma majina yote ya watu wa Badri, wakanywa kahawa, wakaenda zao.

Jumatatu iliyofuata Jeilani aliwasha pikapu yake kwenda Chundwa. Alipofika pale palipokuwa makaburi, njia ilianza kupanda. Ilipanda kona baada ya kona, ikaingia kwenye mianzi, kisha kwenye ukungu, ikaishia kwenye uwanda wa majani makavu yenye barafu. Tembo walikuwa wakivuka, naye akawangoja. Aligeuza gari akashuka, akatokea Faza baada ya alasiri, meno yakigongana, magurudumu yamejaa tope jekundu ambalo kisiwa hicho hakina.

"Kumbe kuna mlima," walisema wazee wa barazani. Mmoja alitaka kujua kama huko juu kuna maji.

"Mai yako mengi," alijibu Jeilani, "lakini ni baridi."

Watu wengine waliendelea kwenda Chundwa kwa miguu na kwa pikipiki kama zamani, njia tambarare, mchanga mtupu. Mlima ulikuwa wa Jeilani, wa Fanuel na wa yeyote aliyepanda gari lao. Ili kuifikia nyumba yake ya wageni, Jeilani ilimbidi apande mashua, ashuke majini na viatu mkononi. Alipata kikohozi kisichosikia tangawizi.

Radhiya alifurahi, tena furaha isiyo na haya. Alizoea kusimama dirishani kumtazama nduguye akirudi amelowa hadi kiunoni. Akimsikia akikohoa kichochoroni, hata wali ulikuwa mtamu zaidi.

Fanuel alikuja kuomba radhi. Alibisha hodi, akakataa kukaa.

"Mimi sikujua, Mama. Lakini sitakudanganya, kule juu ni kama kwetu. Nikifika nasikia vizuri."

Radhiya alimwuliza njia inaanza kupanda wapi hasa. Fanuel akaenda naye, akamwonyesha kwa kidole cha mguu. Hapo Radhiya akajua mamake yuko wapi, akakaa ukingoni akamsomea Yasini.

Hakuisoma hapo mara nyingi. Habari za mlima zilivuka maji, na kutoka bara akaja Bi Jeruto, mtaalamu wa wanyamapori, mwenye darubini na koti zito. Alipanda na Jeilani, akaona tembo, mbega na nyati, akasema pahali kama hapo hapawezi kukosa kuwa hifadhi ya taifa. Ikawa. Bango likasimamishwa mwanzo wa njia, lenye mshale na picha ya kilele. Njia ikapanuliwa, ikatiwa lami, na ukingo aliokuwa akikaa Radhiya ukawa katikati ya barabara.

Sasa, mlimani hakuna awezaye kufika asipopelekwa na mmoja wa waliofukua. Fanuel alipendelea kwenda peke yake. Kwa hiyo Jeilani akashonewa sare, akapewa kofia yenye nembo, akawa na magari, kisha magari mengine. Nyumba ya Chundwa aliifunga, akajenga kubwa zaidi Faza. Wageni walishuka kwenye maboti wakitokwa jasho, masweta mikononi, wakimwulizia yeye kwa jina. Kikohozi kilipona kwa hewa ya mlimani.

Radhiya alirudi kwa Mwalimu Gharib.

"Ifungue," akasema.

"Dua hii hufunguliwa kwa mambo mawili, Bi Radhiya. Kilotwaliwa kirudi, au alodhulumiwa asamehe."

"Kilotwaliwa kiko tini ya lami."

"Basi samehe. Ukimsamehe, mlima utaondoka, naye atabaki na masweta yake. Lakini itoke moyoni. Ya ulimi haifungui kitu."

Radhiya aliipima nasaha hiyo njia nzima. Ili amwangamize nduguye, lazima kwanza amsamehe. Alijaribu akichambua mchele, akajaribu akisujudu. Kila alipoukaribia msamaha, aliyaona yale magari tupu yakiota kutu, na raha aliyoipata ikauharibu.

Ikafika siku ya mwisho ya Shaabani, ambapo watu hupita mlango hadi mlango kuombana radhi kabla ya kufunga. Jeilani alipita nyumba zote, hata za watu aliowasalimu mara moja tu maishani. Ya dadake aliiacha. Maneno ya Mwalimu yalikuwa yameshamfikia, na tangu hapo alikuwa akimkwepa kwa uchochoro wa nyuma. Siku hiyo uchochoro ulizibwa na punda wawili waliobeba mchanga, ikabidi apite mbele. Radhiya alikuwa mlangoni.

Jeilani akasimama. Alikuwa na uso wa mama yao, paji lile na mashavu yale, ila amenawiri kuliko mama alivyowahi kunawiri.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "usiseme kitu. Nakuomba kwa haki ya mama. Usinisamehe."

Neno lilikuwa kinywani mwa Radhiya. Hakuhitaji hata kupaza sauti. Alimtazama mtoto huyo aliyembeba mgongoni, sasa ndani ya sare yake, akimtaja mama kwa kinywa kile kile kilichomdanganya. Chuki ikampanda, ikamjaa, naye akaipokea kama mgeni aliyesubiriwa.

"Sijakusamehe," akasema.

Jeilani aliudaka mkono wake, akaubusu mara mbili.

"Ahsante, dada. Mungu akuweke."

Jioni mwezi ukaandama. Kesho yake Radhiya alifunga, na Jeilani naye alifunga, akapeleka magari mawili ya wageni juu. Huko mlimani jua huzama mapema nyuma ya kilele, kwa hiyo hata kufuturu alimtangulia dadake.