Mahali pa Kulia

"Mama Odera, mjane kama wewe unacheka nini?" Moreen, muuza chapati wa jirani, aliwahi kumuuliza Loice hivyo, juma lile Loice alipokifungua tena kibanda cha video alichoachiwa na marehemu mumewe. Loice aliendelea na kazi yake. Alikuwa anatafsiri filamu, mdomo kwenye maikrofoni.

Leo swali lile lilikuwa limerudi, limevaa koti na tai. Mzee Obura, mzee wa kanisa, alisimama mlangoni karibu na msumari ulioning'iniza ufunguo wa kibanda. Kibanda kilikuwa cha mbao tu, lakini kiwanja kilikuwa cha kanisa, hapa mtaani Kisugu.

"Dada Loice, filamu ile usiionyeshe. Ukiionyesha, ufunguo naondoka nao."

"Ipi, mzee?" Alijua ipi.

"Ya mjane anayedai mahari matangani! Vijana wa bodaboda wanaimba mpaka mbele ya kanisa: mahari pa kuria, mahari pa kuria!"

Loice alifuta maikrofoni kwa upindo wa kitenge, asije akacheka mbele ya mtu mzima. "Si mahari, mzee. Ni mahali. Ndimi za hapa unazijua. Hata wali wanakula wari."

"Mahali gani?"

"Pa kulia."

Mzee Obura akapata njia nyingine. "Hadithi hiyo wameitoa kwenye mchezo wa kuigiza niliocheza shuleni. Mfalme anakufa, malkia anasimama jukwaani peke yake, analia kwa heshima. Hawa wa filamu wamemfanya mfalme muuza magunia wa soko la Kikuubo! Na nyinyi mnacheka."

"Tunacheka sana."

"Huoni aibu? Wewe, mama wa maombi?"

"Sara alicheka mlangoni mwa hema, mzee. Mungu hakumnyang'anya hema."

Filamu ilikuwa ya Kiluganda. Kiswahili kilikuwa cha Loice mwenyewe, kwa ajili ya Wakongomani na Wakenya wa mtaani. Siku ya kwanza alitafsiri kama alivyosikia: "Nipeni mahali pa kulia." Papo hapo, kwenye kioo, mawifi wakamshikisha mjane mwiko na kumsukumia jikoni. Mabenchi yalipinduka kwa kicheko. Kulia machozi, kulia ugali, nani ajue? Angeweza kulibadilisha neno. Aliliacha, kwa kuwa matangani kwa Cleopas, mumewe, naye alitumwa akasonge ugali, akalia juu ya sufuria, na watu wakasema ni moshi.

"Malkia wako alipewa jukwaa zima," alisema. "Huyo sijawahi kukutana naye. Huyu wa Kikuubo namjua."

"Ndilo neno lako la mwisho?"

"Saa tisa naanza. Ufunguo huo hapo."

Mzee Obura aliutoa msumarini, akaufumbata. Lakini hakuondoka. Watu wakaanza kuingia wakimpita ubavuni, na taa ilipozimwa bado alikuwa amelishika pazia la mlango.

"Papa, ingia ao toka, unatuchomea macho na hilo jua!" Blandine, muuza vitenge kutoka Kongo, alipaza sauti kutoka benchi la mbele. Alikuwa amemzika mumewe mwaka huo huo, na tangu hapo hakuna aliyemwona akitoa chozi.

Mzee akaingia. Akasimama nyuma.

Mjane wa Kikuubo alipofungua kinywa, Loice hakuwahi hata kumaliza. Kibanda kizima kilimalizia: "Mahali pa kulia!" Mwiko ukatolewa. Blandine alicheka akijipiga mapaja. Kisha picha ikabaki jikoni, mgongo wa mwanamke anayesonga, anasonga tu, na kicheko cha wengine kikapungua. Cha Blandine kiliendelea. Mabega yalitikisika vilevile, ila sauti ilikuwa imegeuka. Mtu wa pembeni alimfunika mgongo kwa leso. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jikoni mle hapakuwa na la kutafsiri. Loice aliishusha maikrofoni.

Pazia la mlango likainuka, mwanga ukaingia, ukatoka. Mzee Obura alikuwa ameondoka.

Kama aliurudisha ufunguo au aliondoka nao, kutoka nyuma ya spika msumari hauonekani. Loice hakugeuka. Kwenye kioo mawifi walikuwa wanarudi jikoni, sahani mikononi, midomo imeshafunguka. Akaivuta maikrofoni karibu.