Viatu vya Mwanachama wa Ishirini

Kila Alhamisi saa kumi alasiri, katibu wa chama cha kujitolea alifungua ukumbi ulio nyuma ya maktaba, akafuta vumbi kwenye viti ishirini, akavipanga safu nne, kisha akafunga madirisha yote kwa komeo. Madirisha yalianza kufungwa mwaka uliopita, baada ya kinyozi, mwanachama wa miezi minne, kutoka kupitia dirisha la tatu wakati kumbukumbu za kikao kilichopita zikisomwa. Aliinuka kitini polepole, kama mtu anayetaka kuuliza swali. Kwa kuwa hakuna aliyemwuliza ana nini, aliendelea kuinuka. Katibu aliandika: "Ametoka kabla ya sala ya kufunga."

Baada yake walipaa wengine saba. Muuguzi wa zahanati, naye mwanachama, alieleza kwamba mwanachama mgeni hupungua uzito kila kikao kinapopita bila mtu kumwuliza habari zake. Wajumbe walimpigia makofi kwa maelezo mazuri, wakapitisha azimio la kununua komeo.

Komeo hazikutosha. Jumamosi chama kilifanya kazi nje, kuzibua mitaro na kupaka rangi mabenchi ya zahanati, na nje hakuna dari. Ndipo fundi viatu, msimamizi wa wanachama wapya, alipoombwa kutengeneza viatu vyenye soli za chuma, kilo mbili kila mguu. Alivitengeneza kwa moyo wote. Alipima mguu wa kila mgeni kwa uzi, na kabla ya kugonga msumari wa kwanza aliitoa misumari mdomoni akaomba. Aliamini kazi ya chama ni kazi ya Mungu, na hakukosea. Wagonjwa wengi walipumzika kwenye mabenchi yale.

Mwezi wa kumi, makao makuu ya chama yalitangaza kwamba tawi lenye watu chini ya ishirini litafutwa mwisho wa mwaka. Tawi lao lilikuwa na watu kumi na tisa. Fundi alikwenda kwa mdogo wake wa kike, dobi, aliyefiwa na mume miezi minane iliyopita. Alimkuta akipiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni.

"Njoo tu, mdogo wangu. Ni saa mbili kwa wiki."

"Mimi na vikao wapi na wapi, kaka?"

"Utapata watu wa kuongea nao."

"Wewe mwenyewe tumeongea lini?" Alicheka, akageuza shuka. "Haya, nitakuja. Ila msinipe uenyekiti."

Siku ya kwanza walimpigia makofi, wakambandika beji, wakamvisha viatu vya chuma, wakapiga naye picha. Siku ya pili alikaa kiti cha ishirini, akasikiliza ajenda sita. Wiki ya tano alimngoja kaka yake mlangoni.

"Jana nimepanda mizani ya zahanati. Mshale haukusogea."

"Nitakuongezea soli."

"Sikuomba soli."

"Sasa unataka nini?"

Dobi alifungua mdomo, lakini mwenyekiti alikuwa ameshaita kutoka ndani: "Fundi! Fomu za wageni ziko wapi, jamani?"

"Nenda," dobi akasema. "Unaitwa."

Usiku ule fundi alipiga magoti kando ya kitanda. Aliomba, "Bwana, mbakize dada yangu." Jibu lilikuja upesi na kwa lugha nyepesi: nenda kamwone. Fundi alishukuru. Kesho yake ilikuwa siku ya kugawa vipeperushi sokoni, na keshokutwa ilikuwa Jumamosi, siku ya kazi ya nje, kwa hiyo akapanga kwenda Jumapili baada ya ibada.

Jumamosi walipaka rangi mabenchi. Dobi alipaka miguu mitatu ya benchi lake kwa uangalifu, bila kudondosha rangi chini. Kisha akaketi, akafungua kamba za viatu, akaviweka sambamba kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu. Akabandua beji akaitia ndani ya kiatu cha kulia. Akaanza kupanda.

"Mama, tuachie brashi basi!" mwenyekiti alisema.

Akaiachia. Fundi alitupa kopo lake, akakimbia, akaruka juu, akaudaka mguu wa kushoto. Aliifahamu miguu ya watu kuliko nyuso zao. Aliona kisigino kimechubuka na kidole kidogo kimeota sugu, akajua kwamba hii ni miguu ya mtu aliyesimama kutwa nzima, akarudi kwenye nyumba isiyo na mtu, na kusimama tena.

"Kaka," dobi alisema kutoka juu, "niulize."

Fundi alikuwa na mengi. Alitaka kumwuliza analalaje, anakula na nani, kama bado anaandaa sahani mbili. Lakini kilichotoka kilikuwa kile alichozoea.

"Viatu vinakubana?"

Dobi alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto aliyejitahidi.

"Havibani," alisema, na mguu ukateleza.

Alipita juu ya paa la zahanati, akapita juu ya nguzo za umeme. Fundi alibaki amenyoosha mkono. Muuguzi alimpa kitambaa, kwa sababu rangi ilikuwa ikimtiririkia kiwikoni.

Katibu aliita majina. Alipofika kwa dobi alitazama viatu, akatazama beji, akafungua katiba ya chama. Katiba ilisema mwanachama ni mwenye beji aliyefika mahali pa kazi. Akatia alama ya vema. Tawi lilivuka mwaka na watu ishirini, na makao makuu yakaleta cheti cha pongezi kwa kutopoteza mwanachama hata mmoja.

Kila Alhamisi fundi huviweka viatu vile mbele ya kiti cha ishirini, vimepigwa kiwi. Juzi alikuja mgeni, mwashi mpole, akakaa kiti cha jirani. Aliviangalia viatu kwa muda.

"Vya nani hivi, mzee?"

Fundi alipiga goti mbele yake, akachomoa uzi mfukoni.

"Inua mguu kidogo," alisema.