Chupa ya Chai ya Mgeni

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe jikoni, kisha kimya. Nje giza bado. Hapa Wirrabeen anayeamka saa hizo ni mwenye zamu mgodini, na mwanangu Clem hakuwa na kazi.

Nilimkuta ameshika chupa ya chai ya Merle, binti wa timu ya Queensland niliyempokea nyumbani kwa ajili ya mechi ya kriketi ya wanawake. Hakuna aliyerusha mpira kwa kasi kama yeye. Mezani palikuwa na kichupa kitupu cha dawa ya usingizi.

"Nani kakupa?"

"Rudge." Kinyozi yule, mwenye kamari chumba cha nyuma. "Ananidai, na kaweka dau kwa timu yetu. Merle akicheza, mimi navunjwa mikono. Mama, atalala tu!"

"Mgeni wangu, Clem?"

Akalia. Nilimfuta uso kwa aproni.

Merle alikuwa mlangoni, pekupeku, amesikia yote. Nilingoja matusi. Akasema, "Mama, anatetemeka huyu. Mpe chai kwanza. Siyo hiyo lakini!"

Kulipokucha gari la Rudge lilikuwa mbele ya geti, linasubiri. Kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na mchezaji mgeni, basi nikapitia uani kwa jirani yangu Dulcie, mke wa sajenti wa polisi, nikamweleza. Haikuchukua muda, kina mama wakajaa barabarani na sahani zao za keki za mechi, Clem katikati yao.

Rudge akashusha kioo. "Clem, panda nikupeleke uwanjani, ndugu yangu."

"Anatembea na mama zake," Dulcie akasema.

Merle akasogea na ile chupa, akamimina kikombe. "Umetungoja kwenye baridi, bwana. Karibu chai."

Rudge akakitazama kikombe. "Sinywi chai."

"Tangu lini? Kanisani unamaliza birika zima peke yako!"

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Sajenti akatoka, povu la kunyolea bado kidevuni.

"Kunywa, Rudge."

Hakunywa. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo wa gari; wa sajenti ulikuwa umeshafika.

"Sema, mwanangu," nikamwambia Clem. Nilijua nampeleka mahabusu, ila huko mikono yake ingebaki mizima. Akasema yote, na lake pia.

Merle alicheza. Timu yetu ilipigwa vibaya mno. Dulcie akasingizia keki.

Kabla ya treni ya jioni Merle aliomba tupitie kituo cha polisi. Alimpa Clem chungwa kati ya nondo, tayari amelimenya. Clem alilipokea akitazama sakafu.

"Kula basi," Merle akamwambia. "Na umwandikie mama akikosa nafasi ya kuja."

Clem akashtuka, akashika nondo kwa mikono yote miwili.

"Mama, si utapata nafasi? Jumamosi njoo tena. Tafadhali, mama, njoo."