Ukingo wa Redio

Mkunga alinipigia simu Jumanne asubuhi, siku nne baada ya kuichukua redio kwenye karakana yangu.

"Fundi, nina swali moja tu, na usikasirike. Umetubadilishia redio?"

Nilimwambia hapana.

"Mama anasema si yake. Mimi nazalisha watu, fundi, habari za kubadilishiwa nazijua. Mzazi akisema huyu si wangu, unaanza kwa kuangalia kitambulisho cha mkononi. Huanzi kwa kubishana naye."

"Basi nakuja na kitambulisho," nilisema.

Kazi yangu ni makasha ya mbao: redio za zamani, saa za ukutani, vifuniko vya cherehani. Sauti si kazi yangu. Redio hiyo haikuwa imesema neno kwa miaka kumi na moja, na mkunga hakuomba iseme. Ilikuwa ya kusimama sakafuni, ya kumfika mtu kiunoni, upana sentimita themanini na mbili. Ililetwa kwangu katika hali mbaya. Vanishi ilikuwa imepasuka kama matope yaliyokauka, juu kulikuwa na duara nyeupe za vikombe, na vinia, ule ubao mwembamba kama ganda la kitunguu unaogundishwa juu ya mbao nene, ilikuwa imebanduka kwenye kingo. Kibanzi chake kimoja kilimchoma mama yake mkunga kiganjani hadi pakatunga usaha. Hiyo ndiyo sababu ya kuitengeneza.

Nilifanya kazi wiki sita. Niliyeyusha vanishi ya zamani kwa spiriti, nikarudisha vinia kwa gundi ya moto, nikaziba kila kovu kwa kiraka kinachofuata mishipa ya mbao, kisha nikapaka vanishi mpya tabaka kumi na nne, nikisugua kwa msasa laini kati ya tabaka moja na nyingine. Kila hatua imeandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe. Nilibeba daftari hilo, sanduku la zana, na picha nilizopiga kabla sijagusa chochote.

Nilikuwa nimeshafika kwenye kona ya nyumba yao ndipo nikatambua kwamba picha hazitanisaidia. Mama yake mkunga haoni. Macho yalimwacha miaka sita iliyopita.

Mkunga alinifungulia akiwa bado na sare, ametoka zamu. Alinivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini:

"Si redio tu. Ilipokuwa kwako alilala chumbani kwangu, nikimsindikiza mimi. Tangu irudi ameanguka mara mbili. Jana amegonga kabati, ana nundu usoni. Kaka zangu wamepata habari, wanataka awekewe msichana wa kulala naye na kumshika mkono akienda chooni. Anaanza Jumatatu."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Muulize. Mimi amenifokea vya kutosha."

Bi Mkubwa, kama wote walivyomwita, alikuwa ameketi kitandani, mgongo wima, nundu kubwa kama ndimu juu ya jicho la kulia.

"Ndiye mwizi mwenyewe?" aliuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwizi mwenye adabu zake. Yangu umemuuzia nani?"

Niliisogeza redio kutoka ukutani, nikafungua skrubu nne za ubao wa nyuma, nikamwomba aje, nikauongoza mkono wake hadi ndani. Ndani sikuwa nimefanya lolote zaidi ya kufuta vumbi. Alipapasa taratibu: chini, pembeni, nyuma ya spika. Vidole vilisimama kwenye waya uliofungwa kwa kamba ya kiatu.

"Hii kamba ni ya marehemu mume wangu," alisema. "Alitembea mwezi mzima kiatu kimoja kinapwaya, eti redio kwanza." Alitoa mkono, akaunusa. "Haya. Tumbo ni langu. Ngozi ni ya nani?"

"Ni ileile, mama. Nimeisafisha."

"Umeisafisha hadi imenisahau."

Jambo hilo lilinivutia kuliko lile la wizi. Mbao ilikuwa ileile, urefu uleule, mahali palepale. Nilikuwa nimeuliza mapema redio inakaa wapi, na miguu yake iliacha vishimo vinne kwenye zulia la plastiki. Ilirudi juu ya vishimo hivyo hivyo. Kitu gani basi kilikuwa kimeondoka?

Nilifunga ubao, nikairudisha redio juu ya vishimo vyake. "Naomba nikuone ukienda chooni," nilisema.

"Mwanangu, mimi na wewe hatujafahamiana kiasi hicho."

"Hadi mlangoni tu, mama."

Mkunga alicheka, mama yake hakucheka, lakini aliinuka.

Chumba kilikuwa hivi. Kitanda upande wa kushoto, kimeegemea ukuta. Redio imeegemea ukuta huohuo, hatua mbili kutoka kitandani. Mlango wa choo kwenye ukuta wa mbele yake, hatua nne, na kando ya mlango kabati la nguo. Bi Mkubwa alipiga hatua mbili, akaikuta redio, akaanza kuburuta vidole vya mkono wa kulia kwenye ukingo wa mbele. Mahali fulani alisita. Vidole vilirudi nyuma kidogo, vikaenda mbele, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kisha akageuka, akaipa redio mgongo, akahesabu hatua nne na kufika kwenye kabati.

Alirudia mara tano kwa ombi langu. Nilikuwa naweka alama ya chaki sakafuni kila alipogeukia. Kati ya alama ya kwanza na ya mwisho palikuwa na sentimita thelathini na nane. Mara mbili alifika kwenye kabati, mara mbili ukutani, mara moja mlangoni.

"Miaka sita sijawahi kuanguka," alisema. "Usiku, mchana, nikiwa na homa. Na sasa niletewe mtoto wa watu aniongoze kama mbuzi wa kuuzwa."

"Ulikuwa unageuka wapi, mama?"

"Pale pa kugeukia."

"Ni wapi hapo?"

Alifikiri. "Sijui. Miguu ndiyo iliyokuwa ikijua."

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa utelezi. Vanishi mpya inateleza, ya zamani ilikuwa inashika kidole. Nilipaka nta kwenye ukingo, nikaufifisha kwa kitambaa kikavu, akaenda tena mara tatu. Alama zilitawanyika vilevile. Dhana haikuwa sahihi, nikaiacha.

Dhana ya pili niliipata kwenye daftari, ukurasa wa makovu. Makovu yote ya redio yalikuwa pale yameandikwa kwa vipimo, kumi na saba. Juu ya kifuniko kumi na moja, ambako mkono wake haukupita. Ubavuni matano. Kwenye ukingo wa mbele lilikuwa moja tu: *sentimita 31 kutoka kona ya kushoto, vinia imemeguka, ukubwa wa harage.* Kiraka cha hapo kilinichukua siku nzima. Hata mimi mwenyewe nilipokitafuta ilibidi niinamishe kichwa ili mwanga ukiangukie kwa ubavu.

"Mama, unakumbuka kovu hapa mbele?"

"Kovu gani? Redio yangu haikuwa na kovu."

"Ilikuwa nalo," mkunga alisema. "Kaka aliigonga na baiskeli ndani ya nyumba."

"Alipigwa?"

"Na wewe mwenyewe."

"Basi sikumbuki, kwa hiyo ilikuwa haki."

Nilimwomba mkunga punje ya mchele. Niliibandika kwa selotepu kwenye sentimita thelathini na moja bila kusema ninachofanya, nikarudi nyuma.

Bi Mkubwa alipiga hatua mbili. Vidole vilikuja vikiburuta, vikafika kwenye punje, vikasimama. Kidole gumba kilibaki pale, kidole kidogo kikanyooshwa kulia mpaka mwisho, shubiri moja kamili, na mwili ukafuata hadi kilipoishia. Hapo akageuka, akaenda hatua nne, akaweka mkono kwenye kitasa.

Alirudi kitandani, akafanya tena, safari hii polepole, akiusikiliza mkono wake.

"Kumbe," alisema. "Mkono umesoma shule, na mimi nimebaki nyumbani."

"Shubiri ni ya nini?" nilimuuliza. "Kwa nini usigeukie palepale kwenye kovu?"

Mkunga ndiye aliyejibu, akiuonyesha ukuta wa kulia kwa kidole. "Miaka miwili iliyopita tulikata chumba tukajenga ukuta wa stoo. Redio tuliisogeza upande wa kitanda. Kidogo tu, mama, hata hatukukwambia."

"Hicho kidogo chenu nimekipima kila siku kwa vidole," alisema mama yake. "Ndiyo maana wiki ile niligonga mlango, nikadhani nimezeeka ghafla."

Fumbo lilikuwa limekwisha, na mimi nilijua la kufanya. Nilimweleza mkunga kwamba nitakitoa kiraka na kuirudisha ile nafasi ya harage, nikilainisha kingo zake zisichome. Mkunga aliuangalia ukingo uliokuwa unang'aa.

"Uitoboe? Imetoka kwako juzi! Si ubandike kitu? Kifungo cha shati, mathalani."

"Kilichobandikwa kitabanduka," alisema mama yake, "na kitachagua siku niliyokula vibaya. Fundi, njoo hapa. Toa futi yako unipime."

Aliutandaza mkono juu ya goti. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, na kidole kidogo hakikunyooka chote. Nilipima: sentimita kumi na saba. Nikapima chaki za safari mbili za mwisho: kutoka kwenye punje hadi alipogeukia, kumi na saba na nusu, kumi na saba. Kisha nikavuta mstari kutoka katikati ya mlango hadi kwenye redio. Kutoka kwenye kovu, umbali uliotakiwa ulikuwa sentimita ishirini na moja.

"Ulifika, lakini bega liligusa fremu," nilimwambia.

"Lilianza kugusa mwaka jana. Shubiri yangu inafupika. Mwakani itakuwa kumi na tano, nitaingia kabatini kama koti." Aligeuza uso upande wangu. "Sasa wewe uko hapa na patasi, na unataka kunirudishia kosa. Kata panapotakiwa."

Hapo nilisita, na sababu yake si hisia. Katika kazi hii kuna sheria moja ambayo sijawahi kuivunja: unarudisha kilichokuwapo, huongezi chako. Kovu la thelathini na moja lilikuwa la redio. Kovu la hamsini na mbili halikuwahi kuwapo, lingekuwa langu. Mtu atakayeifungua redio hii miaka hamsini ijayo ataona alama safi ya patasi na kudhani fundi aliteleza.

Nilimwambia hivyo.

"Huyo wa miaka hamsini anaenda chooni kwa nani?" aliuliza Bi Mkubwa.

Sipendi kushikilia sheria nisiyoweza kuitetea. Nilibandua punje ya mchele, nikapima mara tatu, nikaweka nukta ya penseli kwenye sentimita hamsini na mbili. Mkunga alisema hawezi kuangalia, akaenda jikoni kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kwa patasi nyembamba nilikata mara nne, kina cha milimita tatu, mviringo, ncha ya kidole iingie bila kukwama. Nililainisha kwa msasa, nikapaka vanishi kidogo ndani ili unyevu usipenye, nikasubiri ikauke. Kwenye daftari niliandika kipimo, tarehe, na neno *makusudi*.

"Tayari," nilisema.

Mkunga alirudi na kusimama mlangoni. Bi Mkubwa aliinuka. Hatua mbili, vidole vikaburuta, vikapita sehemu ya zamani bila kusimama, vikatumbukia. Aligeuka papo hapo. Hatua nne, na hakuna kilichomgusa bega. Aliingia, akafunga mlango, tukasikia komeo likisukumwa.

Tulisimama pale chumbani, mkunga na mimi, tukiutazama mlango.

"Nasikia pumzi zenu," sauti ilitoka ndani. "Waambie kaka zako huyo msichana atafute kazi kwingine. Na nyinyi wawili, tokeni chumbani kwangu."