Besi ya Upande wa Pili

Ukitaka kumuudhi yule dada fundi magitaa, mwambie besi zote zinalia sawa. Atakuangalia kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Masikio yake yalinolewa na kaka yake, Nguzo, aliyepewa jina hilo ujanani kwa sababu ndiye aliyekuwa akipiga besi, gitaa la sauti nzito linaloushikilia muziki, kwenye bendi. Enzi hizo roki ilikuwa ya nyimbo ndefu zinazobadili mapigo kila ukianza kuyazoea, na bendi ya Nguzo ilitoa santuri moja tu ya namna hiyo. Moja, lakini watu hawakuisahau. Nguzo alikuwa na besi mbili, nyeusi na ya kahawia. Alikuwa akimgeuza mdogo wake uso ukutani, anagusa uzi mmoja, kisha anauliza, "Ipi hiyo?" Akikosea anapigwa kofi la utani la kisogoni.

Sasa Nguzo alikuwa mtu wa kitandani, mapafu yamekwisha, mrija wa hewa puani. Kampuni moja ilikuwa ikiitoa upya santuri ile, na mhariri wake alipiga simu kuuliza kila wimbo ulirekodiwa kwa besi ipi, wapate kuandika kwenye kijitabu cha santuri.

"Kumbukumbu yangu imeota kutu," Nguzo alimjibu kwa pumzi za kuvuta. "Muulizeni mdogo wangu. Yeye atawaambia."

Fundi akatumiwa sauti za kanda za studio, kila ala peke yake. Akazilaza besi zote mbili za Nguzo, alizokuwa akimtunzia, kwenye meza ya kazi, akafunga mlango wa karakana, akavaa hedifoni.

Upande wa kwanza ulimwendea kama maji. Besi nyeusi ilinguruma. Ile ya kahawia ilikuwa na sauti nene, na ilikuwa na ugonjwa wake: mahali pamoja kwenye uzi mwembamba, noti hufa mapema, kama mtu aliyekatwa kauli. Fundi alipousikia ugonjwa ule katika wimbo wa tatu, alicheka peke yake.

Upande wa pili ulikuwa wimbo mmoja, ndio uliomjengea Nguzo heshima. Hapo kicheko kilimkauka. Besi iliteleza kutoka noti hadi noti bila kukwama popote, kama kidole kwenye kioo chenye mvuke. Besi ya namna hiyo haina freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo. Za Nguzo zote zilikuwa nazo. Akajipa moyo: labda aliazima. Lakini na mkono haukuwa wake. Nguzo alizoea kuiacha ngoma itangulie kidogo ndipo aweke noti, huyu aliikimbilia. Fundi akarudia, akarudia tena.

Akampigia mpiga kinanda, mwanabendi pekee aliyebaki hai zaidi ya Nguzo.

"Nani alipiga besi upande wa pili?"

Mzee yule alikohoa, akajifanya hasikii vizuri, mwishowe akasema, "Ilikuwa ile wiki aliyokwenda kumzika baba yenu. Mwimbaji alisema besi ya Nguzo inaulemea wimbo, na siku zetu za studio zilikuwa zinakwisha. Tukamwita mtu wa kukodi. Tulisema tutamwambia akirudi. Akarudi amekonda, macho mekundu. Nani angekuwa na moyo huo, dada yangu?"

"Na baadaye?"

"Hakuwahi kuuliza. Tukashukuru Mungu."

Fundi alikata simu bila kuaga. Walipokuwa wakimfukia baba yao, wenzake Nguzo walikuwa wakimfuta kwenye santuri.

Kesho yake alikwenda kwa kaka yake. Wifi yake alimfungulia, akamwekea kiti karibu na kitanda. Njia nzima fundi alikuwa amejiambia kwamba mtu aliyebakiwa na pumzi za kuhesabika haongezewi mzigo.

"Haya," alisema Nguzo. "Upande wa kwanza?"

Akamweleza wimbo kwa wimbo, mpaka ugonjwa wa uzi mwembamba. Nguzo akatabasamu.

"Na wa pili?"

"Ya kahawia."

"Una uhakika?"

"Kabisa, kaka."

Nguzo akageukia ukutani. "Sawa. Nenda nyumbani."

Siku mbili baadaye wifi alipiga simu kwa hasira. "Umemwambia nini kaka yako? Hali chakula, hasemi, hata dawa anafumba mdomo!"

Fundi alikwenda mbio. Hakukaa. Alisimama mlangoni, begi bado begani. "Nilikudanganya. Upande wa pili si besi yako. Wala si mkono wako."

Nguzo hakugeuka. "Nilijua tangu siku santuri ilipotoka. Mtu ataniongopea vipi kuhusu vidole vyangu mwenyewe?"

"Kwa nini hukusema?"

"Mazoezini nilizipiga noti za huyo mwingine. Nilikuwa nimeshinda nyumbani nikijifunza kwenye santuri, kama mwanafunzi. Nikawaangalia. Wote wakatazama viatu vyao. Basi nikajua ndivyo tutakavyoishi." Alivuta hewa. "Miaka yote watu wananipa mkono kwa ajili ya wimbo ule. Nilitaka mtu mmoja aniambie kabla sijaondoka. Mmoja tu. Nikakuchagua wewe."

Fundi alikaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye godoro, akalia. Nguzo alimwekea mkono kichwani, lakini mkono wenyewe ulikuwa mzito.

"Niwekee," alisema baadaye. "Nimsikie peke yake."

Walimsikiliza yule mtu wa kukodi kwenye simu ya fundi mpaka mwisho, wifi akiwa amesimama na bakuli la uji lililopoa.

"Alipiga vizuri," Nguzo alisema. "Kunishinda. Hicho ndicho kinachouma."

Jioni ileile fundi alimwandikia mhariri ukweli wote. Nguzo alifariki kabla ya mwisho wa mwezi, na siku zilizobaki walizungumza mambo madogomadogo tu: mto, dirisha, dawa.

Kijitabu kilifika baada ya maziko. Kuhusu upande wa pili kilisema: besi ya kahawia, Nguzo. Fundi alimpigia mhariri.

"Mpiga kinanda alikataa," mhariri alisema. "Anasema tusiwavuruge wasikilizaji. Na marehemu ameshapumzika, dada. Huoni ni heshima kwake?"

Fundi alimpelekea wifi, ambaye macho yake yalikuwa yamevimba kwa kilio asiweze kusoma, naye akakipapasa kijitabu mapajani. "Wameandikaje?"

"Wameandika uongo, wifi."

Wifi alikifunga, akamrudishia. "Basi kisilale humu ndani."

Fundi alikitia begini, akatoka.